LORI LIKICHELEWA, HASARA NI YA NANI?



Ndugu yangu katika imani, leo tuzungumze jambo lisilosikika sana kwenye mimbari, nalo linakula haki za watu kila siku kuanzia Kibaha mpaka Kisarawe: hasara ya mzigo mzito uliochelewa.

Ukanda wetu huu sasa ni wa malori. Viwanda vinaota Zegereni na Visegese. Bandari Kavu ya Kwala ilizinduliwa Julai 2025. Upande wa Kisarawe kuna mchanga, kokoto, saruji na nyumba zinazoinuka mpaka Kiluvya. Hayo ni maendeleo, alhamdulillah. Lakini palipo na malori pana kuchelewa, na palipo na kuchelewa kuna mtu analipa. Swali langu kwako ni moja: anayelipa ndiye aliyechelewesha?

Chukulia mfano. Nondo na saruji vinatoka Kwala kwenda Maneromango, kwa njia ya Mlandizi na Mzenga. Mmepatana vifike Jumatatu saa moja asubuhi. Vibarua 10 wamefika saa kumi na mbili, kila mmoja kwa ujira wa shilingi 15,000. Winchi ya kukodi imeshaegeshwa. Lori linaingia Jumanne jioni.

Sasa tazama hasara inavyoteremka. Mwenye winchi anadai siku yake, naye analipwa kwa sababu ana karatasi. Mwenye mzigo anamkata msafirishaji. Msafirishaji, yaani tajiri wa gari, anamkata dereva posho. Dereva anampunguzia utingo. Na wale vibarua 10 wanaambiwa saa nane mchana: "Nendeni, leo hakuna kazi, mje kesho." Shilingi 150,000 za watu 10 zimeyeyuka, na hakuna hata mmoja wao aliyeshika usukani wala kuandika mkataba.

Huo, ndugu yangu, si uchumi. Ni dhulma. Tena ni dhulma ya kuteremsha mzigo kwa asiye na sauti.

Tuangalie dini yetu inasemaje.

KWANZA: Ahadi ya muda ni ahadi. Aya ya kwanza ya Suratul Maaida inatuamrisha kutimiza mikataba. Na katika Sahihi Bukhari, kwenye mlango wa masharti, imepokewa kesi ya usafiri iliyofika kwa Shurayh, yule kadhi mashuhuri wa Kufa. Mtu alimwambia mwenye wanyama wa kukodi awaandae, na kwamba asiposafiri naye siku fulani atamlipa dirhamu 100. Siku ikafika, hakusafiri. Shurayh akahukumu kwamba aliyejiwekea sharti kwa hiari yake, bila kulazimishwa, sharti hilo linamfunga.

Zingatia: hapo aliyechelewesha alikuwa mteja, na aliyelipwa ni mwenye wanyama waliosubiri. Kwa hiyo wewe mwenye mzigo usidhani hukumu hii ni ya kumbana mwenye lori tu. Ukilisimamisha lori lake siku tatu mlangoni kwako kwa sababu hujatafuta wa kushusha, siku zile ni deni juu yako.

PILI: Fidia ya kuchelewa si riba, ila usiivuke mipaka. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, liliruhusu sharti la fidia katika mikataba ya kazi na ya kuleta bidhaa, likalikataza pale ambapo jambo lenyewe ni deni la pesa. Elewa tofauti. Msafirishaji akichelewesha nondo, unaweza kumdai fidia mliyopatana. Lakini mteja akichelewa kukulipa nauli, huwezi kumwongezea asilimia kila wiki. Hiyo ndiyo riba. Mwenye uwezo akichelewesha deni ni dhalimu, Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) ametufundisha hivyo, ila dhulma yake haikuhalalishii riba.

Na baraza hilo likasema fidia ni ya hasara halisi, na haitekelezwi akithibitisha kwamba kilichomzuia kilikuwa nje ya uwezo wake. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haiko mbali na hapo. Kifungu cha 73 kinatoa fidia ya hasara inayotokana na kuvunja mkataba, na cha 74 kinasema hata mkiandika kiasi, kinacholipwa ni fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho.

TATU: Si kila sababu ni udhuru. Mafuriko yakikata daraja, huo ni udhuru. Lakini aliyeahidi kufika Maneromango mwezi wa Aprili hakujua kuna masika? Aliyepakia kupita tani 56 akazuiwa mizani, huo ni udhuru au ni tamaa? Na mzigo uliozidi vipimo ukalala kwa kukosa kibali, aliyejifunga kukitafuta alikuwa wapi?

NNE: Vibarua. Hapa ndipo shingo zetu ziliponasa. Wanazuoni wameeleza kwamba mwajiriwa wa muda, akijikabidhi kazini kwa wakati mliopatana, anastahiki ujira wake hata kama mwajiri hakumpa kazi. Majalla ya dola ya Uthmaniyya imeliandika hilo wazi katika kifungu cha 425. Kama mlipatana kwa kipande, hukumu ni nyingine. Lakini usimgeuze wa siku kuwa wa kipande saa nane mchana kwa sababu tu lori halijafika.

TANO: Dereva. Unapomkata posho kwa kila saa anayochelewa, unamwambia nini? Unamwambia akimbize tani hizo usiku kwenye Barabara ya Morogoro, macho mekundu, ili aokoe chakula cha wanawe. Akiua, utasema ni kudra? Mkate kwa uzembe wake uliothibiti. Foleni, mizani na bandari si vyake.

Najua tajiri atasema: "Sheikh, na mimi nimeumia." Ni kweli, umeumia. Lakini lori lilipowahi, faida ulimgawia kibarua? Msingi wa fiqhi ni kwamba anayestahiki faida ndiye anayebeba dhamana. Huwezi kula nyama peke yako, kisha mifupa ikawa ya jamaa.

Basi fanyeni hivi. Andikeni mkataba: siku, saa, nani anatafuta kibali, nani anashusha, fidia ni kiasi gani na udhuru ni upi. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika madeni, na somo lake la kulinda haki linafika mpaka hapa. Na kibarua aliyesubiri lori lako mlipe leo hii, kisha wewe mwenye karatasi nenda ukadaiane na mwenye karatasi mwenzio.

Usimngoje akudai Siku ya Kiyama, siku ambayo hakuna shilingi ya kulipia, ni mema yako tu ndiyo yatakayochukuliwa.

Allah atujaalie tuwe wenye kutimiza haki kabla hatujadaiwa. Aamin.

Wallahu a'lam.