Msituhubirie Uadilifu

Kampuni zetu zimependa sana neno uadilifu. Liko kwenye kalenda, liko kwenye ripoti ya mwaka, liko ukutani pale mapokezi kwa herufi za dhahabu. Na mara moja kwa mwaka wafanyakazi hupakiwa kwenye basi mpaka hoteli ya Naivasha, wakala nyama choma, wakafundishwa na mtaalamu wa kukodiwa kwamba wizi ni mbaya. Utadhani mama zao hawakuwahi kuwaambia.

Nasema wazi: hiyo ni pesa ya bure. Mfanyakazi wa Kenya hajakosa elimu ya mema na mabaya. Karani wa stoo anaijua risiti iliyofurishwa akiiona tu. Dereva anajua mafuta yalikoenda. Wa uhasibu anajua nani alipewa tenda kabla haijatangazwa. Hakuna anayejiuliza kama hilo ni kosa. Anajiuliza: nikisema, watoto watakula nini?

Na jibu analijua, kwa sababu nchi hii ilishamjibu David Munyakei.

Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mezani pake zilipita karatasi zilizodai kwamba kampuni ya Goldenberg inauza dhahabu na almasi ng'ambo, na kwa mauzo hayo serikali iilipe fidia ya asilimia 35. Almasi ya wapi jamani? Kenya haikuwa na machimbo ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa kiduchu. Kijana akaona hesabu haziingiani. Stakabadhi zikawafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 siri ikawa nje. Shukrani aliyopata ni pingu: alishtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Mashtaka yalipoondolewa, kazi haikurudi. Akahamia Mombasa kuanza upya. Baadaye Tume ya Bosire ilimsikiliza na tuzo akapewa, lakini tuzo hailipi kodi ya nyumba. Alifariki 2006, fukara. Billy Kahora ameandika kitabu kizima kumhusu. Kisomwe kwenye hizo semina badala ya slaidi.

Mtaniambia hayo ni ya zamani, siku hizi kuna sheria. Ni kweli. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka kila mwenye mamlaka, awe serikalini au katika kampuni binafsi, aripoti hongo ndani ya saa 24. Anayemtisha aliyeripoti anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kufungwa mwaka mmoja. Vizuri. Lakini hongo ni mlango mmoja tu wa wizi. Mswada mpana wa kuwalinda wafichuzi umeandikwa, ukalala kabatini, ukaandikwa tena. Na hata penye sheria, mkubwa hahitaji kukutisha waziwazi. Anakuhamisha Lodwar, anasahau kufanya upya mkataba wako, basi. Utathibitishaje kwamba ni kisasi?

Wengine watasema, mkimlinda kila mwenye mdomo ofisi itajaa fitina. Fitina huchunguzwa. Karatasi alizoziona Munyakei hazikuhitaji mtu wa kumpenda wala kumchukia. Zilihitaji mtu wa kuzisoma. Na wale wanaosema wafanyakazi wadogo ndio wadokozi wakubwa, sawa, anayedokoa ashtakiwe. Ila msisahau samaki huoza kuanzia kichwani. Karani anayemwona bosi akila kuku wa kampuni hataona haya kulamba mchuzi.

Kwa hivyo kampuni inayotaka waadilifu ifanye mambo matatu. Kuwe na njia ya kuripoti isiyopitia kwa mkuu wa idara, ifike moja kwa moja kwenye bodi. Aliyeripoti asiguswe mshahara wala kuhamishwa mpaka uchunguzi uishe. Na ukweli ukithibitika, apandishwe cheo mbele ya wenzake, wote waone kwamba kusema kunalipa kuliko kunyamaza. Hayo hayahitaji Naivasha. Yanahitaji wakubwa wenye moyo wa kuchunguzwa wao kwanza.

Mpaka hapo, msiwaulize wafanyakazi mbona wamenyamaza. Wamenyamaza kwa sababu wana akili.