Kabla Uruke, Sema Ukweli Kuhusu Mafuta

Hapa kwetu ukisikia chopa unajua ni mheshimiwa anashuka kwa matanga. Vumbi inajaa kwa sufuria za wamama, watoto wanakimbia uwanjani, na hakuna mtu anauliza rubani ni nani. Wiki hii nimekuwa nikisoma juu ya rubani mmoja wa chopa na amekataa kunitoka kwa kichwa. Anaitwa Richard Cody, jenerali wa jeshi la Marekani, alistaafu 2008 akiwa na nyota nne.

Stori yake yenye watu wanaijua ni ya usiku mmoja tu. Tarehe 17 Januari 1991, ile siku vita vya Ghuba vilianza. Cody alikuwa luteni kanali, mkuu wa kikosi cha helikopta za Apache. Kazi waliyopewa: vunja vituo viwili vya rada ndani ya Iraq, vyote kwa wakati mmoja, ndio ndege za vita zipate njia ya kwenda Baghdad. Saa nane na dakika 38 usiku timu mbili zikaachilia makombora. Dakika chache baadaye hakukuwa na rada.

Mimi ningekuwa natengeneza vidio yake, ningeanzia hapo na nimalizie hapo. Milipuko, muziki, kwisha. Lakini kitu kilinishika si milipuko. Ni tangi.

Ona, hizo rada zilikuwa mbali. Kwa mafuta yake ya kawaida, Apache haingeenda na kurudi bila kutua njiani ijazwe, jangwani, gizani. Wamarekani walikuwa wameonja hiyo kitu Iran mwaka wa 1980, wakitaka kuokoa mateka. Mpango ulikuwa tayari umesitishwa, wanajitayarisha kutoka, chopa ikagonga ndege iliyobeba mafuta. Wanajeshi wanane wakafa.

Kwa hivyo watu wa Cody walifanya hesabu yenye haipendezi kwa kamera. Walitoa mzigo mmoja wa roketi kwa bawa, wakafunga tangi la ziada. Punguza silaha, ongeza mafuta. Tena Apache zao hazikuwa na GPS, na jangwa halina jengo la kukuonyesha njia. Hawakujifanya wanajua. Waliongozwa na chopa za jeshi la anga zenye zilikuwa nayo. Cody alimaliza chuo cha kijeshi cha West Point 1972. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 18 ya kazi yenye hakuna mtu alikuwa anarekodi, ndio upate dakika chache za kusimuliwa.

(Ndiyo, najua alimaliza chuo. Mathe ashaniambia.)

Na sijaandika hii kusifu vita. Kwa hizo rada kulikuwa na vijana wa Iraq, pengine wa umri wangu, na mama zao hawakubaki na stori tamu ya kusimulia.

Lakini sababu ya kumheshimu huyu mzee ilikuja miaka 17 baadaye. Sasa ni Naibu Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, namba mbili. Marekani inapigana Iraq na Afghanistan pamoja, wanajeshi wanarudishwa vitani mara ya pili, ya tatu, wengine zamu za miezi 15. Wanawe wawili ni marubani wa Apache pia. Aprili 2008 anakaa mbele ya maseneta. Yeye anawaambia jeshi limevutwa hadi mwisho, kwamba moto ukiwaka kwingine hakuna akiba ya kutosha, na kwamba yeye hajawahi kuona hali kama hiyo.

Mtu atasema aliongea juu alikuwa anaelekea kustaafu. Sawa, alistaafu mwaka huo huo. Lakini wangapi wanastaafu na wamenyamaza? Kwangu ni rubani yule yule wa 1991. Aliangalia kipimo, akaona mafuta hayatoshi, akasema hayatoshi.

Sasa wacha nijiseme. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, sikuambia mtu nyumbani. Muhula mzima nilikuwa naposti nikiwa nimevaa viatu vya kuazima, nikiandika ati maisha ni tamu, na kila Jumatatu mathe anatuma pesa ya chakula akijua niko darasani. Nilikuwa najiambia nitamwambia nikishatrendi. Ningemwambia nikishinda, unaelewa? Si nikiwa chini.

Sikutrendi. Nikaenda nyumbani nikamwambia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hiyo ya Machi nilikopa kwa chama."

Hiyo sentensi bado iko na mimi. Kuacha chuo si ndio kosa, hata leo sijutii. Kosa ni kuruka na tangi tupu huku nikimwambia mwenye ananijazia kwamba iko full. Yeye ndiye alikuwa anabeba hatari, mimi nabeba picha.

Na hapo ndipo naona kizazi chetu kinapotea. Tunaogopa kuonekana hatuna kuliko tunavyoogopa kuanguka. Msee ana madeni ya simu za mikopo tano na anaposti brunchi. Dem amechoka hadi halali na anaandika anashukuru tu. Tunaita hiyo kujipa nguvu. Rubani angeiita ajali.

Jenerali mwenye nyota nne aliweza kuambia serikali yake kwamba wameishiwa. Wewe unashindwa kuambia beste yako kodi imekulemea?

Tangi yako iko wapi saa hii? Usiniandikie mimi kwa komenti. Ambia mwenye anakujazia.