Maelezo Yasafiri na Mzigo

Mafundi wa mjini huniuliza: maelezo ya nini ndani ya kifurushi, si yapo kwenye intaneti? Waje Mugumu. Nilinunua bando, nikapakua maktaba ya programu ya kuchorea ramani, nikaenda nayo kijijini kusikoshika mtandao. Kuifungua, msimbo mtupu na anwani ya tovuti! Siku nzima nilibahatisha.

Wala si mchezo. Mwaka 2015 Crowd2Map walianza kuchora vijiji vya Tanzania kwenye OpenStreetMap. Huku Serengeti ramani hizo zimewasaidia wanaokwenda usiku kuwaokoa wasichana wasikeketwe.

Hata dawa ya kuogeshea ng'ombe huja na karatasi yake ya vipimo. Nani angethubutu kumwambia mfugaji wa Tarime aifuate Dar es Salaam?

Watalalamikia uzito. Debian, iliyoanzishwa 1993, ilikwisha kulijibu hilo: maelezo marefu mara nyingi hutengewa kifurushi chake, atakaye achukue. Wengine hudai ya mtandaoni ndiyo mapya. Kasoro ndiyo hiyo! Mimi ninalo toleo la zamani, na maelezo yake walikwisha kuyafuta.