Roketi Iliyocheleweshwa

Walio wengi huamini kwamba Wamarekani walitanguliwa na Warusi kumpeleka mtu angani kwa sababu ya kupungukiwa na ufundi. Ukweli una sura nyingine, nao unatuhusu sisi tunaosifu kila kinachofanywa upesi. Januari 31, 1961, Wamarekani walirusha sokwe aitwaye Ham kwa roketi ya Redstone. Injini ilisukuma kupita kipimo, chombo kikaangukia baharini zaidi ya kilomita 200 mbele ya mahali palipopangwa, na maji yakaanza kuingia ndani. Ham aliokolewa akiwa hai. Mwanaanga Alan Shepard, aliyekuwa afuate, alikuwa tayari kupanda, lakini Wernher von Braun, mhandisi aliyesimamia roketi hiyo, akashikilia kwamba roketi ijaribiwe tena bila mtu. Ikajaribiwa Machi 24, ikaenda vizuri. Aprili 12 Mrusi Yuri Gagarin akaizunguka dunia. Shepard alipaa Mei 5, kwa safari ya dakika 15 tu.

Mtu atasema: roketi si ilikuwa nzima? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Shepard mwenyewe ilimuumiza moyo. Lakini hoja hiyo inauhukumu uamuzi wa von Braun wa Februari kwa habari iliyopatikana mwishoni mwa Machi. Kasoro ilikuwa imeonekana kwa macho. Aliyebaki kujua kama imekwisha ni roketi yenyewe, nayo haiulizwi ila kwa kurushwa. Tena, kupona kwa Ham hakukuwa ushahidi wa usalama. Hapo ndipo watu hunaswa: kilichopita bila madhara hudhaniwa salama, kama ilivyokuwa baadaye kwa Apollo. Oksijeni tupu ilikuwa imetumika ndani ya vyombo tangu safari za Mercury, zile za kina Shepard, bila moto kuzuka, na mazoea yakaziba macho. Januari 27, 1967, Gus Grissom, Edward White na Roger Chaffee waliingia katika chombo cha Apollo kwa zoezi la ardhini, na kwa kuwa roketi haikutiwa mafuta, zoezi halikuhesabiwa kuwa la hatari. Mlango ulikuwa wa kufungukia ndani. Moto ulipozuka, mgandamizo wa hewa uliubana mlango ule, na wote watatu wakafa.

Wako pia wasemao kwamba anayesubiri uhakika kamili hatapaa kamwe. Nakubali, Shepard hakupewa uhakika huo. Hatari isiyojulikana ni sehemu ya kazi, bali hatari iliyokwisha kujionyesha ni deni, na fundi anayesema “bado” mbele ya mkubwa mwenye haraka yafaa asikilizwe, asikemewe. Baada ya moto ule hakuna chombo cha Apollo kilichopaa na watu hadi Oktoba 1968: mlango uliundwa upya ufungukie nje kwa sekunde chache, vitu vinavyoshika moto kwa urahisi vikapunguzwa, hewa ya wakati wa kuruka ikachanganywa na naitrojeni. Rais Kennedy alikuwa ametaka mtu atue mwezini kabla ya muongo kwisha. Pamoja na kusimama kote huko, Wamarekani walitua Julai 20, 1969, muda wake ukiwa umebaki zaidi ya miezi mitano.