Vidole vya Bibi
Mashine ilivikataa vidole vya bibi mara tatu. Alama zimefutika, ameshika jembe miaka 50. Wakala akasema, "Mama, rudi wiki ijayo." Bodaboda kwenda na kurudi ni shilingi 400. Inua Jamii humpa 2,000 kwa mwezi, tena zikichelewa.

Usiku huo tulikula unga wa chama chake cha akina mama. Hawana ofisi wala mashine. Humtambua kwa kikohozi tu.

Msiniambie tena kwamba Mwafrika hutunza wazee wake. Sifa hiyo imegeuka kisingizio cha serikali kukawia, na maskini wakabaki kuchangiana umaskini. Chama kinamjua bibi. Serikali ina hazina. Basi mzee asipandishwe bodaboda kuthibitisha kwamba yu hai. Afuatwe kwake.