Kabla hujatundika spika uani

Ukipita Luthuli Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, siku za mwisho wa mwezi, utawaona watu wakinunua spika kwa kifua. Mwenye duka hufungulia muziki hadi mwisho, na ile spika inayomtikisa mteja mbavu ndiyo inayotiwa kwenye katoni na kupandishwa matatu ya kwenda Kawangware au Kibera. Mimi mwenyewe nimenunua kwa njia hiyo. Swali ambalo sikuuliza dukani, na ambalo hakuna aliyeniuliza, ni nani anayelala nyuma ya ukuta ambao ningeitundika.

Spika za nje hutengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye bustani. Mwenye nyumba kule Lavington, mtaa unaopakana na Kawangware, ana nyasi, miti na ua mrefu kabla sauti haijamfikia jirani. Sauti ikiwa nje hupungua kwa takribani desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu: ukitoka mita 1 hadi mita 2 umepunguza 6, hadi mita 4 umepunguza 12, hadi mita 8 umepunguza 18. Sasa chukua spika hiyo hiyo uipeleke Gatwekera au Laini Saba kule Kibera, ambako nyumba ya kawaida ni chumba cha futi 10 kwa 10, na ua ni kichochoro cha kupitishia mtungi wa maji. Mita 8 kutoka mlangoni mwako kuna familia tatu au nne, na katikati yenu ni udongo na mabati tu.

Nataka msomaji aitazame katoni kwa makini. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa, elfu kumi na kadhalika, zipuuze, kwani mara nyingi ni za kuuzia tu. Tafuta namba ndogo inayoeleza spika hutoa desibeli ngapi kwa wati 1, ukiwa mita 1 mbele yake. Kwa spika nyingi za nyumbani namba hiyo huwa karibu 88. Maana yake ni kwamba kwa wati moja tu, tayari una kelele zinazoweza kudhuru masikio ya anayekaa karibu kwa saa nyingi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema desibeli 80 zinaweza kuvumiliwa kwa saa 40 kwa juma. Zikifika 90, muda huo hupungua hadi saa 4 tu. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Ukipiga hesabu utaona kwamba kwa spika hiyo, sehemu moja ya elfu ya wati inatosha kuwaburudisha watu walioketi uani wakila nyama. Wati zote zinazobaki umewanunulia majirani, nao hawakukutuma.

Anayeumia kwanza ni mtoto, kwa sababu mtoto hupenda kukaa pale pale mbele ya spika, na wengine huikalia kama kigoda. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena. Dalili huja polepole: mvumo masikioni baada ya sherehe, kisha mtoto anaanza kukosa herufi kama "s" na "f" mwalimu anapozungumza, na nyumbani anaambiwa ni mkaidi.

Madhara mengine ni ya usingizi, na hayo niliyajua kupitia kwa jirani yangu hapa Kawangware. Ni bawabu wa usiku. Hurudi asubuhi wakati mimi natia chai kikombeni, na siku za mapumziko nilikuwa nikifungulia muziki uani nikifua nguo. Jioni moja alinijia kwa adabu sana. "Jirani," akasema, "muziki wako mimi nasikia kama ni mzuri. Lakini hiyo ngoma yake inaingia mpaka kwenye kitanda. Nimekutwa nikisinzia langoni mara mbili. Ya tatu wataniandikia barua." Nilikuwa nimeitundika wufa kwenye ukuta wa mabati ambao upande wa pili ndio kichwa cha kitanda chake.

Sheria ipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaruhusu desibeli 50 nje katika maeneo ya makazi mchana, na 35 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mnamo Novemba 2022 kaunti ya Nairobi nayo ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi. Lakini kusema kweli, ni nani atakayekuja na kipimo hadi Soweto ya Kibera kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto? Tena bawabu wangu alala mchana, ambapo kanuni zenyewe ni legevu. Ndiyo maana naona jambo hili huamuliwa dukani kuliko kortini.

Basi kama ni lazima uwe na muziki uani, nunua spika mbili ndogo badala ya moja kubwa, uziweke karibu na wanaosikiliza, chini ya usawa wa masikio, zikielekea mlango wako mwenyewe. Wufa iache dukani. Sauti nyembamba huzuiwa kidogo na ukuta, lakini mdundo mzito hupenya na kuyafanya mabati yenyewe yavume. Spika isiguse ukuta wa pamoja kamwe. Tafuta ile yenye alama ya IPX4 au zaidi, inayostahimili manyunyu ya maji, na usivute waya wa umeme juu ya mabati. Masika ya Machi hadi Mei yakifika, waya uliochubuka huweza kuutia umeme ukuta mzima, na atakayeugusa kwanza huenda akawa mtoto wa nyumba ya pili. Ya betri ni salama zaidi, hata kama bei yake inauma.

Ile wufa yangu niliishusha usiku ule ule. Nilijaribu kuiuza, nikapewa bei ya kejeli, kwa hivyo sasa imekuwa meza ya redio, haina waya. Siku hizi kabla sijafungulia muziki huwa natazama kwanza mlango wa jirani. Viatu vyake vikiwa nje, nafua nguo kimya.