Fundi, wacha kufomati!

Kompyuta ya nyumbani inazima na kujiwasha yenyewe kila baada ya nusu saa. Unaipeleka kwa fundi, naye bila hata kuifungua anasema, "Hii ni virusi, tufomati." Unalipa, picha za harusi na hesabu za duka zinapotea, na wiki ijayo mashine inazima tena. Huu si ufundi jamani, ni bahati nasibu!

Tangu XP ya 2001, Windows imewekwa ijiwashe upya ikipata hitilafu kubwa. Ujumbe wa kosa unapita kabla hujausoma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Settings za Startup and Recovery, uondoe alama kwenye Automatically restart. Sasa ujumbe utabaki kwenye skrini. Unakili. Kama ni draiva mbovu, huenda ikatajwa hapo hapo.

Na ikizima ghafla bila ujumbe wowote? Shuku umeme na joto kwanza: pawa saplai iliyochoka, feni iliyojaa vumbi, kapasita zilizovimba. RAM nayo ipime kwa MemTest86 usiku kucha. Kufomati hakupangusi vumbi, wala hakuponyi kapasita.

Fundi asiyeweza kukuambia kosa ni lipi hana ruhusa ya kufuta faili zako. Muulize. Akikosa jibu, beba mashine yako uende zako.